Dashibodi inayonata: kubandua, kupaka au kubandika?

Ijumaa moja jirani yangu hapa Barani alinunua karanga za kukaanga, akaziacha juu ya dashibodi ndani ya kikaratasi cha gazeti, akaingia msikitini. Aliporudi karanga zilikuwa salama, ila gazeti lilikuwa limegandia. Alipolivuta, mstari mzima wa matokeo ya mpira ukabaki kwenye plastiki, umechapika kinyumenyume. "Kaka, hii niipake rangi au niibandike stika?" akaniuliza, maana mwaka jana alinikuta nimekaa barazani, dashibodi yangu imetandazwa vipande vipande mkekani kama ng'onda.

Swali lake limeruka hatua moja. Kando ya rangi na stika kuna chaguo la tatu, nalo ndilo ninaloliona bora kwa magari mengi ya hapa Malindi: kubandua tabaka linalonata, kisha kuiacha plastiki ilivyo. Rangi na stika huja baadaye, na si kila mara zinahitajika. Lakini yote yanategemea ugonjwa wa dashibodi yako.

Kwanza, bonyeza kwa kidole gumba

Egesha kivulini, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha pakauke. Halafu bonyeza kidole gumba sehemu tatu nne tofauti, uhesabu hadi kumi kila mara. Kidole kikitoka kwa shida, na alama yake ikabaki, una ulimbo. Kikitoka kikavu lakini plastiki imepauka au ina mikwaruzo, huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na dawa yake ni nyepesi zaidi. Na kama sehemu ya juu imepasuka hadi sponji ya ndani inaonekana, usipoteze rangi yako. Ufa utarudi, na utarudi ukiwa mpana zaidi.

Ulimbo huu haukutoka njiani. Plastiki yenyewe ni ngumu, lakini baadhi ya magari hupuliziwa kiwandani rangi laini ya poliyurethani ili mguso uwe kama mpira au ngozi. Tabaka hilo lina adui wawili, joto na unyevu. Unyevu wa hewani huvunja kemikali yake taratibu, na joto huharakisha kazi. Gari lililofungwa vioo juani, uso wa dashibodi unaweza kufika nyuzi 70. Sasa weka hewa ya bahari juu ya hapo, na ukumbuke kuwa gari la mtumba kutoka Japani linaruhusiwa kuingia Kenya likiwa na umri wa hadi miaka 8. Yaani tabaka lilikwisha anza kuzeeka kabla halijaona Mombasa.

Magari ya kazi kama Probox hayana taabu hii sana. Plastiki yake ni ngumu tupu, haijapakwa ulaini wowote. Watu huicheka kwa ugumu wake, lakini mimi siku hizi naionea wivu.

Kupaka juu kwa juu

Hii ndiyo njia ambayo watu wengi huikimbilia, kwa sababu ni ya haraka: sugua kidogo, puliza kopo mbili, jioni umemaliza. Kwa plastiki ngumu iliyopauka, ni njia sahihi, na kubandua kungekuwa kazi bure. Unaosha kwa sabuni ya vyombo, unasugua kwa msasa wa maji namba 600 au 800 mpaka mng'ao ufe, unafuta vumbi, unapuliza.

Kwa dashibodi inayonata, usijaribu. Rangi mpya hukauka na kuwa ngumu wakati kilicho chini yake bado ni laini na kinacheza kila jua linapopanda. Baada ya muda uso mzima unapasuka vipande kama tope la ukingoni mwa Sabaki maji yakishapungua. Na kuanzia hapo una matabaka mawili ya kubandua badala ya moja.

Mzee mmoja mtaani, ambaye ujana wake ulikwishia kwenye majahazi, yale ya mbao yanayopakwa deheni, mafuta ya kukinga mbao, alinikuta nikilifikiria jambo hili, akasimama na bakora yake.

"Mwanangu, chombo hukipaka deheni mpya juu ya deheni kuukuu?"

"Hapana, ami. Hukwanguliwa kwanza."

"Basi."

Akaenda zake.

Kuna adui mwingine wa njia hii, na hapa lawama ni ya sisi wenye magari. Vijana wa kuosha gari wakimaliza hupaka dashibodi ile polishi ya kung'arisha, na sisi hufurahi kuona inameta. Nyingi zina silikoni. Silikoni hukaa kwenye vinyweleo vya plastiki, na rangi ikitua juu yake hukimbia na kuacha vishimo vidogo vya duara, yale mafundi wanayoyaita macho ya samaki. Msasa peke yake hauiondoi, huisambaza. Kwa hiyo utaratibu ni sabuni kwanza, kisha spiriti, msasa baadaye, halafu spiriti tena. Ukigeuza mpango huu unaipeleka silikoni ndani zaidi.

Kubandua: spiriti, thina au msasa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipoharibu kipande.

Kwa tabaka laini linalonata, spiriti hutosha. Niliyotumia mimi ni isopropili, ile kali ya asilimia 90 na zaidi inayouzwa kwa watu wa kutengeneza simu. Unalowesha kitambaa cha pamba, unakilaza juu ya kipande kwa dakika mbili tatu bila kusugua, kisha unavuta kuelekea upande mmoja. Tabaka linajikunja mbele ya kitambaa kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mara ya kwanza kitambaa kinatoka cheusi kama kilichopangusa sufuria ya kuni. Mara ya pili, cheusi. Mara ya tano, kijivu. Kipande cha kuzunguka redio kilinichukua kama saa nzima. Kanzu mbili kuukuu ziliishia kwenye kazi hiyo.

Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda nayo hufanya kazi, ila polepole, na ina hila yake. Baadhi yake hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi. Mafuta hayo yakibaki kwenye plastiki, rangi haitashika. Jaribu hivi: dondosha tone kwenye kioo safi, lisubiri likauke. Likiacha ukungu au utelezi, litumie kubandua tu. Kwa kufuta mara ya mwisho tafuta nyingine.

Thina na asetoni ni za haraka mno. Haraka hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nimebakisha kipande kimoja, magharibi inaingia, spiriti imekwisha, na nyumbani kulikuwa na chupa ya thina. Nikasugua kwa nguvu. Tabaka likatoka mara moja, nikajipongeza, nikakishika kipande ili nikigeuze. Kidole kikazama. Plastiki ilikuwa imelainika kama nta, na alama ya kidole changu ipo hadi leo, kila mstari wake, pembeni mwa swichi ya taa za dharura.

Ningegeuza kipande kwanza ningejua. Nyuma ya vipande vingi kuna herufi ndogo zilizochapwa kwenye plastiki. ABS au PC+ABS maana yake weka asetoni na thina mbali, zitaiyeyusha. PP huvumilia zaidi, lakini PP nayo ina kiburi chake: rangi ya kawaida haishiki juu yake kabisa, inabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. PP inahitaji kwanza praima maalumu ya plastiki, ile isiyo na rangi, ambayo kazi yake ni kushikisha tu. Dakika moja ya kusoma nyuma ya kipande ingeniokolea alama ya kidole.

Msasa pekee, bila dawa? Kwa tabaka linalonata ni mateso. Ulimbo unajaa kwenye msasa kwa kupita mara mbili, na unatupa karatasi baada ya karatasi. Msasa una kazi yake kwenye mapambo magumu: yale ya mbao bandia, au meusi yanayong'aa kama piano. Hayo yana vanishi ngumu isiyosikia spiriti. Anza na namba 400, hamia 600, maliza na 800, ukisugua kwa maji.

Watu wengine watakushauri mafuta ya breki. Ni kweli hula rangi. Lakini hunywewa na nyufa na matundu ya klipu, hutoka kwa shida, na tone moja likidondoka kwenye bodi ya gari nje utakuwa na kazi nyingine. Mimi siipendekezi.

Mambo mawili kuhusu usalama, na sitayarudia. Mvuke wa isopropili hushika moto hata kwa nyuzi 12 tu, na Malindi hatujawahi kuona nyuzi 12. Basi jiko la makaa na sigara vikae mbali na baraza. La pili ni mfuko wa hewa, yaani airbag. Ukitaka kutoa vipande vilivyo karibu nao, ondoa waya wa hasi wa betri, usubiri dakika kadhaa, na usiguse plagi za manjano bila kujua unachofanya. Kifuniko chenye maandishi SRS usikipake matabaka ya rangi, usikibandike stika, usikifunike kwa zulia. Kimetengenezwa kipasuke kwenye mstari wake, na kila unachokiongeza juu kinaweza kuuzuia mstari huo au kukurukia usoni.

Na kioo cha mbele ya mita za mwendo usikiguse kwa spiriti. Plastiki angavu ya aina ya akriliki hujaa nyufa ndogondogo kama nywele ikipata pombe, na haziondoki.

Ukishabandua: iache wazi au ipake?

Suuza, kausha, pelekea kipande kwenye mwanga wa mchana. Mara nyingi utakuta plastiki nyeusi au kijivu iliyokolea, yenye vinyweleo vyake, haina kasoro kubwa. Si laini tena mguso wake, ni kweli. Lakini haing'ari kwenye kioo cha mbele, haishiki vumbi, na haina rangi ya kubanduka mwaka kesho. Mimi ningeiacha hapohapo, nimalize. Jirani yangu alidhani hapa nafanya ubahili. Nikamwonyesha sehemu ya juu ya dashibodi yangu, akaipapasa, akanyamaza.

Unapaka pale tu plastiki ya chini ina mabaka, ina mikwaruzo, au ina rangi ambayo huwezi kuishi nayo. Yangu, kipande cha thina kilihitaji rangi kwa sababu inayojulikana.

Kuhusu aina ya rangi, tofauti ni kubwa kuliko bei. Kopo la kawaida la enameli ni rahisi na lipo kila duka la vifaa, lakini ni nene. Huziba vinyweleo vya plastiki na kuifanya ionekane kama beseni, na hukaa laini kwa siku nyingi. Rangi ya kupuliza ya vinaili na plastiki ni nyembamba, hupinda pamoja na kipande, na huacha umbo la ngozi lionekane. Kwa ndani ya gari hii ndiyo ninayoichagua, hata ikibidi kuiagiza Mombasa. Rangi ya vipande viwili, ile inayochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, ni ngumu kuliko zote na ndiyo inayofaa kwa mapambo yanayong'aa. Lakini hadena yake ina aisosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii kitu hapo. Bila barakoa halisi ya kuchuja mvuke na mahali pa wazi, hiyo mwachie fundi.

Rangi yoyote utakayochagua, sehemu ya juu ya dashibodi iwe isiyong'aa na iwe ya kukolea. Rangi ya maziwa hupendeza gari likiwa limeegeshwa; ukielekea Watamu saa tisa alasiri utaona dashibodi nzima imejichora kwenye kioo mbele ya macho yako.

Sasa hali ya hewa, kwa sababu maelezo ya nyuma ya kopo hayakuandikiwa pwani. Rangi ikipulizwa, kiyeyushi chake huvukiza na kuupoza uso. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande hutua juu ya rangi na kuigeuza nyeupe kama imepakwa ukungu. Asubuhi na mapema, umande bado upo. Masika usiguse kopo kabisa. Adhuhuri unyevu hupungua, lakini ukipuliza juani rangi hukauka kabla haijatua, na uso unatoka na chengachenga kama mchanga. Alasiri kusi inavuma, na mchanga wenyewe huja. Saa zangu ni kati ya nne na sita asubuhi, kivulini, na miezi ninayoipenda ni ya kaskazi, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, hewa ikiwa kavu zaidi. Bara mafundi humwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Nilijaribu huku, na nilichopata ni ule weupe niliousema. Fagia jana yake, uache.

Umbali wa kopo ni kama shibiri moja hadi moja na nusu. Tabaka jembamba, subiri dakika kumi au kumi na tano, jingine jembamba, hadi matatu. Anza kupuliza kabla ya kipande na malizia nje yake, usisimame katikati. Kipande kikikauka mguso wake baada ya saa moja, usidanganyike: kiache siku tatu nne ndani ya nyumba kabla ya kukirudisha kwenye gari litakalofungwa juani. Nimeona kipande kilichorudishwa siku hiyohiyo. Kitambaa cha kufuta vumbi kiliacha alama za nyuzi zake juu ya rangi.

Stika

Stika ina sifa moja ambayo rangi haina: ukichukia, unaitoa. Kwa vipande vya bapa, kama fremu ya gia, paneli za milangoni na yale mapambo ya mbao bandia, inashinda rangi waziwazi. Haihitaji hali ya hewa, haina harufu, unaifanya usiku sebuleni kwa feni na mashine ya kukaushia nywele ya mke wako, ukimwomba kwanza.

Haifai kwenye mikunjo mikali, matundu ya upepo na uso wenye vinyweleo vikubwa. Gundi inashika vilele tu, mabonde yanabaki na hewa, na joto likipanda kona zinainuka. Ikate ipite ukingo wa kipande kwa nusu sentimita na uikunje nyuma. Ukiikatia ukingoni kabisa, itaanza kufunguka hapo. Na kwa dashibodi inayonata, stika si njia ya kukwepa kubandua. Ukiibandika juu ya ulimbo, inateleza. Taratibu, lakini inateleza, na siku ya kuitoa hutoka na ulimbo wote upande mmoja.

Zulia la kulaza juu ya dashibodi ni la siku mbili tatu wakati unatafuta nafasi ya kufanya kazi. Linagandia pia.

Na fundi? Kama huna barakoa, huna kivuli, au kipande chako ni cha kung'aa, mpe. Lakini vipande vitoe mwenyewe umpelekee mkononi. Kinachovunjika zaidi gereji ni klipu, na plastiki ya miaka kumi juani ni kavu kama biskuti. Ng'oa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa na kuzungushiwa kitambaa, usitumie bisibisi. Piga picha kwa simu kila hatua, na weka skrubu kwenye trei ya mayai, kila shimo kipande chake. Hiyo peke yake itakuokoa jioni nzima.

Bei sikuziandika, kwa sababu kopo lilelile lina bei moja mjini na nyingine Mombasa. Kwa mpangilio tu: kubandua na kuacha wazi ndiyo nafuu kuliko zote, kwa kuwa unanunua spiriti tu, stika ya vipande vya bapa na rangi ya vinaili hukaribiana, na fundi wa rangi ya hadena ndiye wa juu.

Jirani yangu alichagua kubandua na kuacha wazi sehemu ya juu, akaweka stika kwenye fremu ya gia. Vitufe vya madirisha nilimkataza asiviguse, hata kama vinanata. Alama za vitufe hivyo mara nyingi zimekatwa kwenye tabaka lilelile laini. Ukilibandua, zinaondoka nalo. Vyangu nilivibandua kabla sijajua, na abiria wa nyuma akitaka upepo lazima aniulize ni kitufe kipi.